Keki ya Vita ya Papa Léonard

Mwaka mzima umepita sasa, Papa Léonard, tangu ufumbe macho ile Agosti ya 2013, na watu wamesema mengi mazuri juu yako. Mengi ni kweli. Ulikuwa mpole. Ulipiga pasi shati la kazini hata kama kazi yenyewe ilikuwa kubeba makasha ya biskuti kiwandani Mobeni, hapa Durban. Wageni kutoka nyumbani walilala sebuleni kwetu mpaka walipopata chumba, na hukuwahi kumuuliza mtu ataondoka lini.

Lakini kanisani, siku ya mazishi, mdogo wako Pascal alishika maikrofoni akasema hakuna aliyewahi kuoka keki tamu kama yako. Binti yako Huguette, aliyekaa mstari wa mbele, alikunja uso kwa kinyaa. Uongo juu ya marehemu aliuona mchafu kuliko matusi. Keki yako ilikuwa mbaya, Papa. Ilikuwa mbaya sana, na wewe ulijua.

Wasioijua tuwaeleze. Vita vilipoanza Agosti ya 1998 tulikimbilia kwenye ua wa parokia moja karibu na Uvira, kwetu Kongo, na wewe ukachaguliwa kugawa posho: kopo moja la unga wa mahindi ya njano kwa watu watatu, mawese kijiko kwa kijiko, sukari siku ikiwepo. Huguette alikuwa na miaka saba, anapokea komunyo ya kwanza mwezi uleule. Mayai hayakuwepo, wala maziwa, wala hamira. Ukachukua fungu letu la unga na la mawese, ukaponda ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, ukachoma maganda yake, ukaloweka majivu na kuyachuja kwa kitambaa, na maji yale ya kahawia ndiyo yaliyoinua keki. Ukaioka kwenye sufuria juu ya mchanga wa moto. Huguette alipoiona alilia kwa sababu ilikuwa ya kijivu. Akaila hivyo hivyo, maana njaa haikumpa nafasi ya kuringa.

Tulidhani vita vikiisha na keki itaisha. Wewe ukaja nayo mpaka Durban. Kila Agosti ulirudi kutoka kiwandani unanukia vanila na siagi, ukavua shati, ukaanza kuchoma maganda ya ndizi kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, mpaka mlinzi wa jengo akapanda kuuliza kama nyumba inaungua. Harufu ya mawese ilikaa kwenye mapazia wiki nzima. Huguette anasuka nywele saluni, na kuna mteja aliyemuuliza kwa upole kama alikuwa amepika samaki. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na kuila sasa! Ilinata kwenye kaakaa kama udongo, ikaacha uchungu wa majivu nyuma ya ulimi. Tuliishusha kwa chai, macho tumefumba. Mtoto akinung'unika ulimjibu bila kuinua sauti: "Mukitaka kitu ya tamu, duka iko pale chini, karibu na robot, ile taa ya barabara. Hii ni ya siku yetu."

Agosti ya mwisho ulikuwa kitandani, huwezi kusimama. Huguette akasema ataoka yeye, na wewe ukafurahi, ukamwelekeza ukiwa umelala, kopo kwa kopo. Alipobaki peke yake jikoni alitazama yale majivu, akanusa ndizi zilizooza, akashindwa. Alimwaga vyote. Akavunja mayai manne, akatia unga mweupe, majarini na beking pauda, akaoka kwenye jiko la umeme. Alijiambia kwamba mgonjwa anastahili kitu kizuri.

Ulikula kipande cha kwanza. Ukala cha pili. Mkeo Julienne alicheka kwa furaha, kwa kuwa ulikuwa hujala siku nyingi. Kisha ukafuta mdomo. "Hii iko muzuri, mwanangu," ulisema. "Lakini haiko yetu." Ukasukuma sahani taratibu. Hukumkaripia, na afadhali ungemkaripia. Siku tisa baadaye ukaondoka, na kinyaa chote alichokuwa nacho kwa keki yako kikahamia kwake mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, Huguette alitaka jambo moja tu: keki ile iokwe kama wewe ulivyoioka, iwekwe mezani mbele ya watu. Pascal alikuwa na mpango wake. Aliona dukani keki yenye krimu, na juu yake wanachapa picha ya marehemu.

"Ili tumukate Papa uso na kisu?" Huguette alimuuliza. "Halafu tulambe macho yake?"

"Eish," Pascal akasema. "Sikuifikiria vile."

Shida ni kwamba hukuandika kitu. Maelekezo ya kitandani Huguette alikuwa ameyasikia kwa sikio moja. Julienne naye hakuwa na msaada: "Mie nilikuwa nakula tu, na kuvumilia." Keki ya kwanza ilipata maji ya majivu mengi, yakakutana na mawese, ikatoka sabuni. Pascal, aliyejitolea kuonja, alitoa povu mdomoni. Ya pili ilikuwa jiwe, maana ndizi zilikuwa bado za njano. Huguette akanunua nyingine, akaziacha dirishani mpaka zikawa nyeusi na nzi wakazijua. Jumamosi asubuhi ikatoka ya tatu: ya kijivu, imepasuka katikati, inanuka. Aliinusa, akageuza uso, na hapo ndipo alipoanza kuwa na matumaini.

Wageni walikuja wamevaa vizuri. Kila mmoja akapewa kipande. Kuna mama mmoja alitemea kwenye leso akidhani hatumwoni. Tulimwona, na hatumlaumu. Huguette hakuwatazama wageni. Alimtazama Julienne.

Julienne alitafuna muda mrefu. Uso ulimkunjamana, machozi yakamtoka, mkono ukapapasa mezani kutafuta chai.

"Iko mubaya," akasema. "Mubaya kabisa. Ni yenyewe."

Kisha akasogeza sahani mbele ya Huguette. "Unipatie ingine."

Unakumbukwa na mkeo Julienne. Wanao Huguette na Blaise. Mdogo wako Pascal na mkewe Médiatrice. Mjukuu wako Doudou, ambaye mwaka huu amekula kipande chake cha kwanza na bado ametukasirikia. Pamoja na wote waliowahi kulala sebuleni kwako.

Hatutakusahau kamwe, Papa, na hatutakusingizia utamu.