Viatu Alivyoninunulia Mama

Mpendwa mshauri wetu Bi. Hargis,

Naomba msaada wako, na jina langu usilifiche, maana huku milimani kila mtu atanijua tu. Mimi ni Verlene Stidham, yule mwimbaji. Nilianza na gitaa la kuazima kanisani kwetu Kettle Creek, leo nyimbo zangu zinapigwa redioni nchi nzima, na namshukuru Mungu na kila aliyenisikiliza, lakini wimbo ulionitoa ni ule wa "Miguu Mitupu", unaosema nilikwenda shule pekupeku kwenye theluji, na hilo si kweli, kwa sababu mama alishona mashati kiwandani miaka ishirini na miwili, na kila Agosti alininunulia viatu, vikubwa kwa namba moja, akasokota gazeti na kulisukuma kwenye ncha ili vinifae hadi mwaka wa pili. Tulikuwa maskini kweli, ila niliuona umaskini wetu hautoshi kwa wimbo. Siku mama alipousikia wimbo huo mara ya kwanza alipunguza moto wa jiko, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sauti yako imetulia, mwanangu." Basi. Hakuutaja tena mpaka tulipomzika Aprili.

Baada ya mazishi, mama mdogo Oleta alikuwa akinipakulia maharage, akaniuliza mbele za watu, "Hivi Verlene, vile viatu alivyonunua dada yangu vilikwenda shule peke yake?" Watu wakacheka.

Jumamosi hii naimba nyumbani, na wanawake walioshona na mama kiwandani wamewekewa viti vya mbele. Meneja wangu anasema, "Dada, nani atalipa kiingilio amsikilize mtoto mwenye viatu?" Wimbo ule niuimbe, au niuache?

Verlene

Verlene,

Pole sana kwa msiba. Mama huyo nimempenda bila kumwona. Lakini wewe nawe! Shida za kweli mlikuwa nazo, ukazitia chumvi, na kila ulipoimba watu walimhurumia mtoto na kumshangaa mama. Alinyamaza kwa sababu alifurahi kukuona umefika mbali. Usidhani haikumuuma.

Usiuache. Badilisha ubeti. Jumamosi, kabla ya kugusa gitaa, taja jina lake na kazi yake, sema wazi kwamba ulidanganya, kisha imba ilivyokuwa. Vina visipokaa, viache. Meneja akinuna, na anune, siye aliyekulea.

Ila mama mdogo asiyasikie haya kwanza kwenye kipaza sauti. Mpigie leo. Sema, "Nilikosea," wala usiongeze "lakini". Atakufokea. Usikate simu.

Bi. Hargis