Kama Kwenye Kanda

Tarehe 3 Machi

Kwako Dada,

Salamu nyingi na pole na kazi. Hujambo? Mgongo unakuachia ulale? Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu, na watoto wanauliza kama huyo shangazi anayetajwa ni mtu wa kweli. Nimewaambia ni wa kweli, ila hapokei simu. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani.

Naenda moja kwa moja maana sijui utasoma mpaka wapi. Kuna binti ana kampuni ndogo ya kutoa muziki, sisi pale gereji tunamwita Miwani. Alinikuta chini ya lori nafungua breki, akachuchumaa kwenye oili na suruali yake safi, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyepiga dramu kwenye bendi ya Kutu?" Dada, nilijigonga kichwa. Miaka yote hii hakuna anayenitajia jina hilo ila kwa kunikejeli. Anataka kuitoa upya Hatutulii. Albamu yetu! Anasema vijana wote wanaopiga panki, huu muziki wetu wa kelele na mbio, siku hizi wamejifunzia pale. Kuna bendi moja inaanza kila mazoezi kwa kuipiga yote, kuanzia "Mwenye Nyumba" mpaka "Kiti Kibovu", bila kupumzika, kama tulivyorekodi sisi.

Mrefu ameshakubali. Siku hizi anauza saruji na anakubali kila kitu, mradi asishikishwe tena gitaa. Umebaki wewe. Bila sahihi yako haitoki.

Maneno uliyoniambia jukwaani mbele ya watu, kwamba mikono yangu imekufa na kwamba nimeiua bendi kwa kuchelewa kwenye mapigo, sijayasahau, na sitajitia nimesahau. Tangu siku ile sijashika vijiti. Lakini hili ni jambo jingine. Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Mdogo wako


Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Hukuniamkia, lakini haya, marahaba hiyo hiyo. Mimi mzima, mgongo haulali nami silali nao. Wasalimie mke wako na hao wanaonidhania hadithi. Nimehama tena chumba, anuani mpya iko nyuma ya bahasha. Usiniulize kwa nini. Nikishakaa mahali mpaka nikajua ngazi ipi inalia nikiikanyaga, miguu inaanza kuniwasha.

Jibu ni hapana.

Wewe unakumbuka maneno yangu, mimi nakumbuka koo. Albamu ilipotoka, kila tukipanda jukwaani watu wanapiga kelele, "Kama kwenye kanda! Kama kwenye kanda!" Nami najitahidi. Ile sauti ya kwenye kanda, kali kama sufuria linalokwanguliwa, sikuipata tena. Niliivuta mpaka nikatema damu kwenye beseni la Mama, Mama akadhani nina kifua kikuu. Na nyuma yangu wewe unakokota dramu kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Sasa unataka nisaini nini? Watu wazidi kusikia kitu nilichokiweza siku moja tu maishani?

Hapa chumba cha kufulia cha hospitali nakunja mashuka, redio inaimba, mimi siimbi. Wenzangu hawajui kama niliwahi kuimba, na nataka ibaki hivyo.

Mwambie Miwani atafute wengine.

Dada yako


Tarehe 21 Aprili

Shikamoo Dada,

Hujambo? Ile ya kwanza nilisahau kukuamkia kwa kiwewe tu. Hii isome umekaa.

Miwani alikuja na fundi wake wa sauti kusikiliza kanda ile ya kwanza kabisa, ambayo Mrefu aliihifadhi kwenye boksi la viatu. Fundi akasikiliza, akarudia, akatukodolea macho. "Mlitumia umeme gani?" Unakumbuka mwenyewe. Tulikuwa ndio kwanza tumefunga nyaya kwenye lile ghala la magodoro, umeme ukakatika. Mrefu akaleta jenereta ya mjomba wake, mafuta yenyewe ya kubahatisha, tukaapa kupiga nyimbo zote mfululizo kabla haijazima. Ilikuwa inachoka, Dada. Taa zikafifia, nasi tukaona raha, tukasema hii ndiyo panki yenyewe.

Sasa sikia. Jenereta ikichoka, mashine ya kurekodia inazunguka polepole. Na kanda iliyorekodiwa polepole, ukiicheza kwenye mashine yenye umeme mzima, inakimbia. Kila kitu kinakimbia: dramu, gitaa, koo. Kadiri mafuta yalivyokwisha ndivyo ilivyozidi, na ndiyo maana "Kiti Kibovu" inasikika kama tumemwagiwa maji ya moto. Tulipoisikia mara ya kwanza tulijisifu, tukadhani siku ile mzuka ulitupanda. Hakuna mzuka! Mimi sikupiga vile, wewe hukuimba vile. Tulikwenda kwa mwendo wetu wa kawaida tukarudi nyumbani, halafu tukapoteza mwaka mzima tukifukuzana na jenereta ya mjomba wa Mrefu.

Fundi ameirudisha kwenye mwendo wake wa kweli. Nimeitia kwenye flashi, imo humu kwenye bahasha. Isikilize, kisha usaini itoke hii, na ile nyingine izikwe. Nataka kila aliyewahi kuniita Konokono asikie. Ndiyo, mpaka gereji wananiita hivyo, na wateja wamelidaka.

Mdogo wako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Dada,

Habari za kimya? Natumai u mzima, maana roho yangu iko juu juu. Bahasha imefika au imepotea njiani?

Mimi sifai kwa lolote. Nafungua gurudumu, nalifunga, nalifungua tena. Jana nilimkimbilia mteja barabarani na ovaroli langu, nikamsimamisha kwa sababu sikukumbuka kama nilikaza nati. Nilikuwa nimezikaza. Akaniangalia vile wanavyoniangalia.

Nimenunua vijiti. Mke wangu akienda sokoni nagonga kwenye tairi, nikiwa na ile ya fundi sikioni. Nauweza ule mwendo, Dada. Nauweza sana. Miwani ananiuliza, namwambia asubiri. Kama ni hapana sema hapana, nijue moja.

Mdogo wako


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha ilifika zamani. Niliizungusha kwenye mfuko wa aproni mpaka karatasi ikachanika. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Juzi wenzangu walipotoka kula nikaichomeka kwenye redio, mashine za kukausha zikiwa zinanguruma ili mtu asinisikie. Nikajikaza kulisubiri lile sufuria. Akaanza kuimba mwanamke. Sauti nzito, haina haraka, ina hasira lakini hailii. Sikumjua. Nikasogea mpaka sikio likagusa redio. Alipofika pale kwenye wimbo wa "Foleni" ninapokosa pumzi na kucheka, nikajijua kwa kicheko. Ndiye mimi. Nilikuwa na sauti ile, nikaitupa, nikaenda kutafuta nyingine ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Nililia mpaka shuka la mgonjwa ikabidi lirudi kwenye mashine.

Tangu siku hiyo sikai. Nashuka basi kabla ya kituo changu natembea, nafika nyumbani natoka tena. Naimba kwenye ngazi za jengo, jirani anagonga ukuta. Nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani. Huwezi kuigombeza jenereta.

Nitasaini. Lakini sharti langu ni moja: ile ya uongo ifutwe, isiuzwe tena popote. Na kabla ya yote nenda kawaone hao vijana uwaambie ukweli, wasije wakatema damu kama mimi.

Dada yako


Tarehe 8 Julai

Shikamoo Dada,

Natumai hujambo na jirani amepoa. Sisi wazima.

Nilikwenda. Wanafanyia mazoezi kwenye chumba nyuma ya karakana ya milango, kuta wamezibandika trei za mayai. Wakanikalisha juu ya spika, wakanipa soda, wakaniita mzee. Mpiga dramu wao ni binti mwembamba, kazi yake ususi. Anaimba kaka yake. Nilikuwa nimeshika maneno yangu yote, nimeyapanga tangu nyumbani. Kabla sijafungua mdomo wakaanza.

Dada, walipiga kama kwenye kanda. Sisemi walikaribia. "Kiti Kibovu" yenyewe, mwendo uleule wa kuungua. Niliikodolea macho mikono ya yule msusi nikitafuta ujanja, sikuuona. Kaka yake akapanda kule juu ulikochania koo wewe, akashuka, akanywa maji kidogo, akafuta mdomo.

Nikamuuliza binti alijifunzaje. Akasema alianza utotoni kwa kugonga stuli ya saluni ya mama yake, akaongeza mwendo kidogo kidogo, miaka na miaka. Mikono ilivimba, wakubwa wakamwambia haiwezekani. "Nikawa najua inawezekana," akaniambia, "kwa sababu wewe uliiweza."

Nilinyanyuka niage. Lakini ulinituma, nikasema. Nikawaeleza ghala, mafuta, mashine, yote. Nikangoja wanitoe nje. Yule binti akaniomba nirudie, nikarudia. Akaweka vijiti chini, akamtazama kaka yake, akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio wa kwanza?"

Walirukaruka kama wehu, Dada, wakaangusha maikrofoni. Mimi pia nilicheka, mpaka machozi.

Sasa nimebaki na karatasi za Miwani mfukoni. Nikiifuta ile ya uongo, nafuta kilichowafundisha hawa. Nikiiacha, mimi ni Konokono mpaka kaburini. Na nilitaka sana watu wajue. Nilitaka kuliko nilivyokuandikia. Nakutumia karatasi wewe. Amua, mimi nimeshindwa, na sitakulaumu.

Mdogo wako


Tarehe 25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, koo zima, mgongo nimeuambia usubiri.

Nimesaini, karatasi zimo humu. Soma vizuri kabla hujapiga kelele: nimesaini ile inayokimbia. Itoke vilevile, isiguswe. Siyo yetu tena, ni ya yule msusi na kaka yake, na wengine wanaogonga stuli mahali ambapo hatuwajui. Nilikuwa nimewaonea huruma, kumbe wanajiweza. Hii ya fundi nimeikatalia. Sitaki watu wanunue nilivyokuwa, wakati nilivyo bado niko.

Kwa hiyo mwambie Miwani hivi. Siku ya kuizindua, kabla ya wale vijana, tunapanda sisi. Mrefu asipotaka, aje asimame tu na gitaa lake, atajaza nafasi. Watu watapiga kelele, "Kama kwenye kanda!" Waache. Usiguse dramu, wala usiinamishe kichwa. Mimi ndiye nitakayewajibu. Nitawaeleza jenereta, kisha nitawaambia kwamba huyu aliyekaa nyuma yangu ni mdogo wangu, na hakuchelewa hata siku moja. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nitairudisha mbele ya watu. Kwenye barua haitoshi.

Kazini nimeshaaga. Basi langu linaingia huko tarehe kumi, asubuhi. Usije na umati, njoo na watoto tu wanione.

Jukwaani nikishamaliza kusema, anza wewe, mwendo wako. Mimi nitaingia.

Dada yako