Airisi za Juba Na Bari

Limuru, 3 Machi 2008

Mwanangu Nyakuon,

Hujambo? Mguu bado unanisumbua, lakini baridi ya hapa nimeizoea.

Yale matunguu ya maua ya airisi umeyaozesha yote! Uliyafukia kwenye joto la Juba kama viazi? Nilimwahidi marehemu baba yako: maua yake yakichanua kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Juba Na Bari, ndipo nitarudi. Si kabla. Nimempa dereva wa lori la Juba mengine kumi na mawili. Yafunge kwa gazeti, yakae kwenye friji wiki nane yadhani ni majira ya baridi. Na yasikae na maembe, yataharibika.

Mama yako

Juba, 20 Septemba 2008

Mama,

Shikamoo. Malaria imeniacha, namshukuru Mungu.

Wiki nane nimegombana na Janepher, mpishi wa hoteli ninakofanya kazi, mtaani Hai Amarat, atoe maembe yake kwenye friji. Nikapanda kwenye karai kivulini pale nyumbani. Kila asubuhi nanunua barafu naweka juu ya udongo, majirani wananicheka. Yametoa jani moja moja, basi! Nyumba nimepaka rangi, chumba chako kina kitanda. Amani nchini ina miaka mitatu. Kwa nini ua ndilo liamue?

Binti yako

Limuru, 11 Novemba 2008

Nyakuon,

Habari za afya? Mimi mzima. Ni uzembe wako tu. Jaribu tena mwakani.

Mama yako

Juba, 14 Februari 2009

Mama,

Leo sikusalimii.

Fulgensio, mtunza bustani wa hoteli, alifanya kazi ya maua Entebbe. Nilimwonyesha tunguu moja. Akasema, "Dada, hii iko mtoto. Haiwezi toa maua mwaka hii, hata ukiweka kwa barafu." Mama, miaka kumi na saba umechambua matunguu kwenye shamba la maua, makubwa huku, machanga kule! Ulijua. Umenidanganya kwa jina la baba. Kama hutaki kurudi, sema.

Nyakuon

Limuru, 2 Aprili 2009

Mwanangu,

Ndiyo, nilikuchagulia machanga. Na wewe acha kunipigia kelele, usikilize.

Tulipokimbia vita hapo Juba, baba yako alikuwa ametangulia Kenya. Wewe ulikuwa hujatembea. Kaka yako Nyang alikuwa na miaka minne, homa imemlaza, hawezi kusimama. Niliwaambia wote alikufa njiani. Hakufa njiani. Nilikufunga wewe mgongoni, yeye nikamwacha akiwa hai, kwenye chumba hicho ulichonipakia rangi.

Sasa niambie tena nije.

Mama yenu