Gia za Baba

Kaka,

Vile vipini vipya vya gia ulivyotuma havikuingia kwenye usukani wa baiskeli ya Baba. Bomba lake ni nene. Ungeuliza ningekwambia, lakini wewe huulizi, unatuma tu! Nimevifungua vyake vya zamani, vyenye vibano vipana, kutoka kwenye fremu, nikavifunga vyote viwili kwenye usukani, upande wa kulia. Tangu apooze mkono wa kushoto, huo ni wa kuegemeza tu. Hilo nalo hukuuliza.

Niliving'arisha mno hata hakuvitambua, akadhani ndivyo ulivyotuma. Sasa anawatambia majirani: "Mwanangu hakunisahau! Oneni gia alizoniletea!"

Nimemwacha aamini hivyo. Vyako vimo kwenye sanduku langu la spana. Njoo uvichukue, na ukweli umwambie mwenyewe.

Mdogo wako, fundi usiyemuuliza kitu.