Mnyonge Ndani ya Leso

Mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Huku Nakawa tuko salama. Mke wetu, bibi yako, anakusalimu. Magoti yanamuuma, lakini ulimi mzima.

Unauliza mnyonge ni nani. Enzi zile za wanajeshi, bibi yako angali mwembamba kama uzi, nilikuwa fundi cherehani sokoni. Siku moja akaja askari, suruali imempasuka makalioni. Akaivua, nikamfunga leso ya bibi yako, nikaanza kushona. Akaitamani cherehani, nayo ndiyo iliyotulisha.

"Ukimaliza naichukua. Mnyonge kama wewe utanifanya nini?"

Nikaacha kukanyaga cherehani. "Sina la kufanya, afande. Ichukue sasa hivi. Ila suruali bado iko wazi nyuma, na nje wamejaa akina mama wa ndizi."

Akachungulia nje, akaikaza leso. "Maliza tu, fundi," akasema taratibu. "Cherehani baki nayo."

Akishavaa angeweza kugeuka. Bunduki si alikuwa nayo? Lakini sikumcheka. Nilimpa suruali nimetazama ukutani. Akavaa, akaniaga kwa adabu.

Alipotoweka, nikarudi kwenye cherehani. Uzi ulikataa kuingia sindanoni mpaka bibi yako akaja kunitungia.

Sasa mnyonge ni nani? Siku ile tulipokezana.

Ni mimi, mwenye mke,
Babu