Kabla Hujaezeka kwa Vigae vya Lami

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na yule binamu yangu mdogo, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yako anakula vizuri na kunitania kutwa. Mimi ndiye nisiye na amani.

Uliniuliza kama nawe uezeke kwa vigae vya lami kama hivi vyetu, na kama umwite fundi wetu huyuhuyu, Chapuchapu. Ukasema utafuata neno langu kwa sababu mimi ni karani mwangalifu. Shangazi, ngoja kwanza.

Vigae vyenyewe havina ubaya. Ni vyembamba kama jalada la faili, lami ndani, changarawe laini juu. Ni vyepesi, hivyo kenchi kuukuu zinazobeba paa letu hazikulemewa kama ambavyo zingelemewa na vigae vya udongo. Mvua ikinyesha hakuna ile ngurumo ya mabati; Bibi husikiliza redio yake bila kuongeza sauti.

Lakini jua kali huvikausha hadi vikapasuka, wakati mabati mazuri bado yangekuwa na miaka mingi mbele. Changarawe hudondoka kwenye mfereji, kwa hiyo maji ya paa hili hatuyanywi. Kisha kuna upepo. Kila kigae kinataka misumari minne kwenye mstari wake wa kupigilia, na siku kadhaa za jua ili gundi iliyo chini yake ilainike na kushika.

Sasa naungama. Kazi ilipokwisha, muuzaji alileta fomu ya dhamana ijazwe na aliyekagua. Unajua ninavyoogopa ngazi. Nilikagua nimekaa kwenye kiti uani, nikaandika "misumari minne kila kigae", nikatia sahihi.

Jumanne upepo uling'oa vigae kumi na kimoja juu ya jiko. Mvua ikaingia, na kipande cha dari kikaanguka mezani muda mfupi tu baada ya Bibi kuinuka hapo. Nilipanda ngazi, nikainua kigae kwa kidole kimoja. Misumari miwili. Nikainua kingine. Miwili. Upande mzima, mpaka juu ya kitanda cha Bibi.

Chapuchapu akaniambia, "Karani, sahihi ni yako. Tupake gundi, tunyamaze. Au unataka tuaibike wote?"

Nilinyamaza siku tatu. Kila upepo ulipovuma usiku, nilikwenda kusikiliza mlangoni kwa Bibi.

Ijumaa nilikiburuta kitanda cha Bibi hadi chumbani kwangu. Nikamdanganya kuwa ni panya.

"Panya gani huyo, mbona unatazama dari?" akacheka. "Siku ile ulipokagua paa umekaa kitini, nikasema labda makarani wa siku hizi wanaona kupitia mbao."

Nilitamani ardhi inimeze.

Leo nimemwandikia muuzaji kwamba sikupanda. Dhamana huenda ikafutwa, na habari ikifika ofisini, ambako kazi yangu ni kuthibitisha hati za watu, sijui nitajificha wapi. Naogopa, Shangazi. Kesho Chapuchapu, ambaye nimemwambia sinyamazi tena, atapigilia upya upande wote, nami nitakuwa juu, nikihesabu kabla kigae hakijafunikwa na kingine. Amesema atanifunga kamba kiunoni kama mbuzi. Nimekubali.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kama paa lako lina mwinuko mzuri na nyumba imekingwa dhidi ya upepo, ezeka. Lakini usiamini sahihi ya mtu, hata yangu. Mtume mtu apande.

Nisalimie Mjomba, binamu zangu wote, na jirani yako fundi cherehani. Bibi anasema ule ushibe. Mungu awafunike salama, ninyi na watoto.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo huuhuu mwoga,

Karani wako