Bakuli la Funguo

Alhamisi jioni

Na ni mimi niliyemfundisha! Mwaka juzi Atieno hakujua hata kushika bomba la kupulizia glasi. Nilisimama nyuma yake kwenye tanuri letu hapa Baba Dogo nikimwambia, "Zungusha, usiache kuzungusha, glasi itaanguka."

Leo amekuja mzee mmoja anayekusanya kazi za glasi. Amepita rafu yangu kama hakuna kitu, akasimama mbele ya bakuli la Atieno, lile la kijani alilolitengeneza kwa chupa zilizookotwa kwenye jalala la Dandora. Alitaka kulishika kwa mikono miwili, kwa hivyo akatafuta mahali pa kuweka funguo za gari.

Akaziweka ndani ya bakuli langu. Langu! Nililohangaika nalo wiki tatu.

"Huyu ni msaidizi wako?" akamuuliza Atieno.

"Hapana, mzee. Huyu ndiye mwalimu wangu."

Tena alisema kwa heshima. Afadhali angenyamaza.

Mzee alinunua lile la kijani, Atieno akamsindikiza hadi kwenye gari. Nikachukua bakuli lake lingine, nikaliinua dirishani kutafuta kosa. Hata kiputo kimoja cha hewa, basi. Nilitafuta mpaka shingo ikaniuma. Sikuona.

Huu ni wivu, najua. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Langu nimelibeba hadi nyumbani. Nimeliweka mezani, nikatumbukiza funguo za nyumba, nione tu.

Zimekaa vizuri kabisa.